Kilomita 142,857

Tulikuwa karibu na mtaa wa Jamhuri, baba akiendesha, nilipoona namba ya kilomita kwenye dashibodi nikamwambia asimame pembeni haraka. Alidhani tumepata pancha.

"Tumefika 142,857," nikasema. "Zidisha kwa mbili, kwa tatu, mpaka sita. Utapata tarakimu zile zile, kwa mfuatano ule ule, ila zinaanzia mahali pengine."

Hakuniamini. Akatoa simu akajaribu: 285,714. Akajaribu tatu, 428,571, akavua miwani akaifuta. Tukapigiwa honi, hatukujali. Alipozidisha kwa saba, akapata 999,999, tisa tupu.

Akawasha injini.

"Kumbe hii gari ikitembea mara saba ya hapa, kisha kilomita moja tu, mita yake ya tarakimu sita inarudi sufuri zote. Hapo ndipo nitaiuza, kama mpya."