Saa ya Kumgeuza Mama

Mama alipopata kiharusi, nesi alinipa kazi moja: nimgeuze kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo utaoza. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa. Walionishinda ni wageni.

Nyumba yetu ya Mkonze ina sebule na chumba kimoja kidogo chenye joto, kwa hiyo mama alilala sebuleni. Kila Jumapili mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Kondoa na wazee wawili watatu, mashemeji wa mama, kumjulia hali. Walisalimia, wakaomba dua, kisha wakakaa. Wakazungumza mvua, wakazungumza mbuzi. Mimi nachemsha chai na kuchungulia saa. Kumgeuza mama ni kumfunua, na mama hafunuliwi mbele ya kaka yake na mashemeji. Kumwambia mjomba atoke, nayo ni aibu. Nikawaongezea chai. Jumapili tatu walikaa tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi. Ile ya tatu, walipoondoka nikamgeuza, shuka likatoka na ngozi.

Jumapili ya nne muda ulipofika, mjomba alikuwa anakoroga chai yake ya pili.

"Mjomba, naomba mtoke nje kidogo. Nataka kumgeuza mama."

"Si amelala vizuri tu! Mwache apumzike, mwanangu. Wewe kila saa kugeuza, utadhani una chapati jikoni."

Wazee wakacheka.

"Chapati ikiungua nakanda nyingine," nikasema. "Huyu mgongoni ana tundu linaingia kidole. Tokeni!"

Mjomba akaweka kikombe chini. "Unanifukuza kwa dada yangu?"

Ningeweza kulainisha. Nilikuwa nimechoka kulainisha. "Ndiyo, mjomba."

Wakatoka, wakavaa viatu, wakaenda zao. Mama, ambaye maneno yalikuwa yamempotea, alinishika kanga kwa mkono wake mzima. Sikujua ananishukuru au ananikanya. Nikamgeuza.

Hawakuja tena. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga. Mwaka uliofuata kiharusi cha pili kilimchukua mama, na msibani mjomba aliwaambia watu kwamba nilikuwa namficha mgonjwa. Nilimwamkia, akaitikia akiangalia pembeni.

Kuwafukuza sijutii. Ninachojutia ni zile Jumapili tatu, nilipokuwa nawaongezea chai huku najua.