Mwenzangu wa Barabara ya Kivukoni

Nimewasimulia watu wengi jambo hili na wengi wamecheka. Cheka na wewe ukipenda, lakini ukimaliza unisikilize, kwa sababu sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Lilinipata mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii, pale Ifakara, mwaka ule wa mvua za elinino.

Nilikuwa fundi cherehani karibu na soko. Kutwa nimekaa, na mwili ukaongezeka bila kupiga hodi. Siku moja nilikimbilia basi la Kidatu, hatua chache tu, nikaanguka natafuta pumzi kama samaki aliyetupwa ukingoni. Muuguzi wa zahanati akanipima presha, akatikisa kichwa. "Mama Neema, ufanye mazoezi. Anza kutembea, halafu ukimbie."

Kukimbia? Mimi? Mume wangu, fundi baiskeli na mtu wa utani sana, aliniuliza, "Utakimbia unafukuzwa na nani?" Na kweli, enzi zile ukimwona mwanamke mtu mzima anakimbia alfajiri, ama kafiwa ama kaiba kuku. Basi nikavaa raba za mitumba, nikajifunga kitenge juu ya suruali, nikashika barabara ya kivukoni kabla majirani hawajafungua milango.

Siku za kwanza sikufika hata kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kifua kiliwaka, mbavu zilichoma, nikawa narudi natembea huku nimejishika kiuno. Ilibaki kidogo niache.

Mwezi wa saba kwetu ni wa baridi. Ukungu hupanda kutoka mbugani, ukatanda juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hata migomba huioni ila majani ya juu, yanaelea tu hewani. Katika ukungu huo, asubuhi moja, nikasikia mtu anahema kando yangu. Alihema taratibu, kama aliyelala.

"Punguza mwendo," sauti ya mwanamke ikasema. "Mtu akikimbia hadi ashindwe hata kuongea, amezidisha. Hebu niambie, jana ulipika nini?"

Nilishtuka, lakini sauti ile ilikuwa ya upole. "Wali," nikajibu nikihema. "Na perege."

"Perege wa kukaanga au wa nazi?"

Nikamweleza. Yeye alikuwa mbele yangu nusu hatua, khanga kajitanda hadi kichwani, uso siuoni. Nikaeleza nilivyokata vitunguu, nilivyokamua tui, na nilipotazama, mashine ya mpunga ilikuwa nyuma yetu! Niamini, sikujua hata tuliipita saa ngapi.

Kuanzia hapo tukawa wawili. Kila asubuhi ya ukungu ananikuta njiani, kila asubuhi anauliza nilichopika, na mimi naongea nakimbia, naongea nakimbia. Akanifundisha kuvuta pumzi hadi tumboni, kulegeza mabega, kukanyaga kwa wepesi. Barabara ikawa laini kama mkeka. Tulivuka daraja dogo, tukavuka mashamba ya mwisho, na asubuhi moja nikauona mto Kilombero wenyewe unang'aa mbele yangu, nami sijasimama hata mara moja. Nililia kwa furaha. Nani angeniambia kwamba mwili huu una kitu kama hicho ndani yake?

Je, sikuona ajabu? Niliona. Hakuwahi kuitikia salamu. Tukikaribia nyumba za watu wakati wa kurudi, nageuka, hayupo. Lakini moyo ukishapenda kitu, hauulizi maswali mengi.

Mvua zilipoanza, mume wangu aliniweka chini jioni moja. Safari hii hakuwa na utani.

"Mke wangu, huko barabarani unaongea na nani?"

"Na mwenzangu. Tunakimbia wote."

"Muuza mkaa amekupita kwa baiskeli mara nyingi. Anasema uko peke yako, unasimulia mambo ya mboga."

Nilikasirika. Nikaona ni wivu wa watu. Kesho yake nikatoka kama kawaida.

Mvua ilikuwa imekatika usiku ule, ukungu mzito ajabu. Alikuwa ananisubiri. Hakuuliza chakula. Alikimbia tu, na mimi nikamfuata, na mwili wangu haukuwa na uzito kabisa; nilikuwa kama unyoya. Tulipita mashamba. Mbele yetu barabara ilikuwa nyeupe, pana, imenyooka, nikajiambia, leo nitakimbia hadi kesho.

Kisha akaongeza mwendo. Na hapo ndipo mwili wangu ulipokataa. Niliusikia mwenyewe: pumzi imepanda juu, mwendo huu si wangu. Miezi ya nyuma ningejilazimisha. Sasa nilikuwa najijua. Nikapunguza, nikasema, "Dada, huo mwendo siuwezi. Wewe tangulia."

Akasimama. Bila kugeuka akasema, taratibu sana, "Kila mtu huniambia nitangulie."

Sijawahi kusikia huzuni kama ile. Nilitaka kumfuata nimshike mkono. Nikainua mguu wa kushoto, nikakanyaga, na baridi ikapanda hadi kwenye goti.

"Mama! Mama, unakwenda wapi? Barabara imekatika!"

Alikuwa mtu wa mtumbwi, amesimama na upondo wake kando ya vichaka. Ukungu ukafunguka kidogo. Mbele yangu hapakuwa na barabara. Yalikuwa maji, mto umefurika, unapita kimya kimya umebeba mizizi ya miti. Mwenzangu alikuwa anakwenda zake juu ya maji hayo, khanga haijalowa, hadi akawa sehemu ya weupe ule.

"Umemwona yule dada?" nikamuuliza.

"Nimekuona wewe tu, mama."

Niligeuka nikakimbia hadi nyumbani bila kupumzika. Mume wangu alinisikiliza, hakucheka. Asubuhi iliyofuata akatoa baiskeli yake, akanisindikiza barabara ya Kibaoni, anapiga kengele njia nzima kama mtu anayeswaga ng'ombe. Baadaye wanawake wengine walijiunga. Hadi leo nakimbia.

Ila mguu wangu wa kushoto haujapata joto tena. Kiangazi kikali, watu wanajipepea kanisani, mimi nimevaa soksi moja.

Kwa hiyo wewe unayeanza mazoezi, anza, tena anza kesho. Lakini mtu anayekuja kukimbia nawe, msindikize kwanza hadi kwao. Uone mlango wake, usalimiane na jirani zake. Kama hana pa kukupeleka, mwache aende, hata kama amekuhurumia kuliko ndugu zako wote.