Lesi ya Meza ya Neža

Pavla Lapajne wa Idrija alishika vijiti vya kufumia lesi kabla hajajua kuandika jina lake. Hesabu alizichukia tangu utotoni na hakuona hasara yoyote, maana mji mzima ulijua ana mkono mwepesi. Mumewe alipofariki na kumwachia binti mmoja, Neža, ni vijiti hivyo vilivyowalisha. Viligongana dirishani mchana kutwa, tiki-tiki-tiki, naye Pavla akipiga soga na kila apitaye.

Kila mtu, ila Tončka. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, nyumba ya tatu kutoka kwake, naye pia mfumaji. Krismasi moja aliropoka mezani kwamba lesi ya Pavla imelegea kama wavu wa samaki. Tangu hapo, miaka minane sasa, walipishana njiani kila mmoja akimsalimu paka.

Neža alipochumbiwa na Blaž, seremala mwenye maneno mengi, bwana harusi akaahidi kutengeneza meza ya duara, upana wake mita moja. Pavla akaahidi kitambaa cha kuienea sawasawa, chenye lesi ukingoni pote. Blaž akampimia mzunguko kwa uzi, naye akafuma mpaka ikatimia: mita tatu na kipande.

Harusi ilipokaribia, Blaž akaja akijikuna kisogo.

"Mama, meza nimeibadilisha. Unawajua ndugu zangu wakiona žlikrofi, vile vidonge vya unga vyenye viazi ndani. Sahani zisingetosha."

"Umeiongeza kiasi gani?"

"Upana? Nusu mita tu."

"Nusu mita ndiyo ya kuniletea uso wa msiba? Nenda zako, mwanangu, nikafume."

Akafuma nusu mita wiki nzima, akiimba. Alipomaliza akaipeleka karakana kuijaribu. Akaizungusha ukingoni taratibu, huku akitabasamu, mpaka tabasamu likamkauka. Ncha mbili za lesi zilitazamana kwa mbali, na katikati yake mbao tupu, zaidi ya mita nzima.

"Blaž! Hii ndiyo nusu mita yako?"

"Haki ya Mungu, Mama, pima mwenyewe!"

Akapima kutoka ukingo hadi ukingo. Mita moja na nusu, kamili. Neža, aliyekuwa ameleta kahawa, akashindwa kujizuia kucheka.

"Mama, nusu mita imeongezeka hapa katikati, kwenye kipenyo. Huko pembeni huongezeka mara tatu na ushei. Shuleni hiyo tatu na ushei tuliiita pai."

"Nani kapanga hivyo?"

"Hakuna aliyepanga. Duara zote ndivyo zilivyo."

"Zote?"

"Zote, Mama."

Pavla hakukubali. Nyumbani alikata uzi sawa na upana wa kifuniko cha sufuria, akaulaza ukingoni kukizunguka: ukaenea mara tatu, pakabaki pengo dogo. Akajaribu ndoo. Akajaribu bakuli, kisha jibini, akitafuta duara moja tu kaidi. Kila mara ikawa tatu na pengo, na kila akiukunja uzi sehemu saba, sehemu moja ililiziba pengo karibu kabisa.

Siku kumi zilibaki. Siku nzima ya kazi hutoa lesi ya urefu wa kidole. Hata yeye, asiyependa hesabu, aliona kwamba peke yake hatoboi. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kubisha nyumba ya tatu.

"Nani?"

"Mimi, wifi."

"Wifi yupi? Wa wavu wa samaki?"

"Huyo huyo. Wavu umeniishia. Nimepungukiwa mita nzima na ushei, na harusi ni wiki ijayo."

Mlango ukafunguka. Tončka akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Ulipima kwa nini, wewe?"

"Kwa ujinga."

Tončka alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Ingia bwana, baridi hiyo. Mchoro umekuja nao?"

Wakakaa dirisha moja, kila mmoja na mto wake wa kufumia na kipande chake. Vijiti viligongana kwa kupokezana. Pavla hakuwa amejua kwamba miaka yote ile alikuwa akiikosa sauti ile ya pili.

"Kaka yangu angetuona leo," alisema Tončka.

"Angecheka. Halafu angeuliza chakula kiko wapi."

Siku ya harusi lesi ilizunguka meza na kukutana, ncha kwa ncha. Aliyeinama kutazama aliona sehemu moja imekazwa zaidi, lakini ndugu za Blaž hawakuwa watu wa kuinamia lesi kukiwa na žlikrofi. Wajomba wawili walishamwaga divai juu yake hata kabla hotuba hazijaanza.

Majira ya baridi yaliyofuata Tončka alihamia kwa Pavla, ati kuokoa kuni. Wanagombana kila asubuhi juu ya kahawa, mmoja akiitaka nzito na mwingine nyepesi, na jirani akija kuamua ugomvi hupewa kiti na mto wa kufumia.