Anayeongea na Hadubini

Mkuu wetu wa maabara huongea na hadubini. Hupandisha miwani kichwani, huinama, na vidole vyake vilivyochunika kwa dawa za kusafishia hurekebisha lenzi taratibu hadi picha itulie, huku akinong'ona, "Haya wapenzi, tuonane." Hakuna anayethubutu kumharakisha, hata daktari husubiri mlangoni. Juzi bibi mmoja anayetibiwa maambukizi ya mkojo alileta sampuli, akatuaga kabisa. Homa imekwisha, alisema, na dawa zimemchosha, anaziacha. Mkuu alitazama ile sampuli, akaguna, kisha akatoka mwenyewe hadi kwenye benchi la wagonjwa, akakaa ubavuni pake.

"Bibi, bakteria wako hawajafa wote. Dawa imewakwamisha katikati ya kunakili vinasaba vyao. Wakikwama hivyo hawagawanyiki. Wanarefuka tu kama nyuzi, huku wakikarabati palipoharibika."

"Mbona mimi siumwi?"

"Kwa sababu wametulia. Ukiacha dawa, watamaliza kukarabati, nyuzi zitagawanyika vipande, na kila kipande kitaanza kuzaana."

Bibi akamkazia macho. "Mwanangu, mbona kama unawasifu?"

"Nawaheshimu," mkuu akacheka. "Ndiyo maana sitaki uwape nafasi."

Bibi akashusha pumzi, akapekua mkoba, akatoa kidonge chake cha mchana na kuomba maji. Mkuu akamletea, na hakurudi kazini mpaka alipomwona amemeza.