Katuni ya Sufuria

Mama alikuwa mtu wa kanisa. Kule Thika, kila DVD aliikagua kwanza, lakini katuni alizipitisha bila kuangalia, eti ni za watoto. Ujinga mtupu. Ile tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya watu wazima: mume mlevi anampiga mkewe kwa sufuria, na sisi na Baba tunacheka hadi tunatoa machozi.

Juzi Mama alikuja kunitembelea hapa Membley. Nikamwekea ile katuni, nikacheka kabla hata haijaanza.

Mama, ambaye siku hizi anatafuna kwa upande mmoja, aliitazama sufuria ikishuka.

"Baba yako akimaliza kucheka hapo," akasema, "alikuwa ananifuata jikoni."

Nakumbuka. Tulikuwa tunasikia, tunaongeza sauti ya TV.