Kulea Betri za Mume Wangu

Siku mume wangu alipopata kiharusi, betri zake sita za magari ya rimoti zilikuwa zimejaa chaji, tayari kwa Jumapili. Mimi sikujua. Hata kama ningejua, nani hukumbuka betri akiwa kwenye benchi la hospitali? Alilazwa Kajiado karibu wiki tano. Nilikuwa nikitoka kazini Nairobi, napitia nyumbani Kitengela kubadilisha nguo, halafu naendelea hadi Kajiado kumlisha.

Tulipomrudisha nyumbani, mkono wa kulia ulikuwa umelala kabisa, mguu anauburuta, na maneno yanatoka moja moja. Nilidhani ataitisha chai, au ataulizia watoto walio chuoni. Yeye akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kabati la varanda.

"Betri," akasema.

Nilikasirika. Lakini nilienda nikafungua kabati, na ndani nikakuta mbili zimevimba kama unga ulioumuka. Nilimwekea zote mapajani. Alizipapasa moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, kisha akafumba macho kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Kwa miaka mingi alikuwa wakala wa kupitisha mizigo pale mpakani Namanga. Wiki nzima ni malori, mihuri na foleni, na wikendi anakuja nyumbani. Jumapili baada ya kanisa yeye na marafiki zake walikutana kwenye kiwanja cha mzee jirani yetu Mmasai, karibu na machimbo ya mawe, kukimbiza vigari. Wanaume wazima wenye vitambi. Nilikuwa nikimcheka. Sikuwahi kuuliza jinsi vile vigari vinavyopata nguvu.

Sasa ilibidi nijue. Akiwa kwenye kiti chake cha plastiki varandani, alinifundisha kwa neno moja moja. Betri ya lithiamu ukiiacha imejaa wiki nyingi, inaharibika. Ukiitumia hadi ikauke, inakufa. Ikiwa ya kuwekwa tu, iache karibu nusu. Ina waya mnene wa kupitisha umeme, na mwingine mwembamba wa kusawazisha chaji ya vyumba vyake vya ndani. Nyaya zote mbili zichomekwe kwenye chaja. Ikitoka kwenye gari ikiwa moto, iache ipoe kwanza. Chajia ndani ya chungu kilichowekwa juu ya sakafu ya simiti, na usiondoke.

"Kwanza... mkono," aliniambia kila mara. Maana yake niishike kabla ya kuichomeka, nisikie kama imevimba au ina joto.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Naamka saa kumi alfajiri ili niwahi kazini. Mama mmoja wa hapo plotini alikaa naye mchana, na nikirudi napokea zamu. Kumwogesha, dawa, kumnyoosha vidole vya mkono uliolala. Halafu, ninapotaka tu kuweka miguu juu ya stuli, nasikia, "Mama, betri." Wakati mwingine stima zinapotea katikati ya kuchaji na tunaanza upya. Nilikuwa nikijiuliza nimeolewa na nani, yeye au hizo betri.

Jumamosi moja alasiri nilichomeka moja bila kuishika. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi na mikono ilikuwa imechoka hata kufungua mfuniko wa chupa. Nilikaa kwenye ngazi ya varanda, nikaegemea nguzo, nikasinzia.

Niliamshwa na kelele za mabati. Mume wangu alikuwa anagonga ukuta wa mabati kwa fimbo yake ya kutembelea, anagonga kama mtu anayefukuza mwizi, huku mdomo uko wazi lakini neno halitoki. Betri ilikuwa inachachatika ndani ya chungu kama sufuria ya mafuta iliyoingia maji. Nilirukia soketi nikazima. Moshi mweupe ukapanda, wenye harufu tamu ya kuchefua, kisha moto ukatoka. Nilichukua karai la mchanga alilokuwa ameweka pale miaka yote, karai ambalo nimeligonga kwa ufagio nikilitukana mara nyingi, nikamwaga lote. Halafu nikashika mgongo wa kiti chake nikamburuta nacho hadi uani.

Tulikaa pale tukiangalia moshi ukipungua. Ukuta wa varanda ulikuwa umekuwa mweusi.

"Baba," nikamwambia, "mimi nimechoka."

Tangu hospitali sikuwa nimelisema hilo neno. Hata kwa dada yangu kwenye simu nilikuwa nikisema tuko sawa, Mungu ni mwema. Nililia mbele yake na sikujifuta.

Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Mbili," akasema. "Tosha."

Hivyo ndivyo tulivyobaki na betri mbili. Zile nyingine nilizimaliza chaji polepole kama alivyonielekeza, nikampelekea fundi mmoja wa Kajiado anayekusanya vifaa vibovu vya umeme. Wiki iliyofuata ikawa nyepesi kidogo. Si nyepesi sana.

Jumapili moja nikampeleka kiwanjani. Marafiki zake siku hizi ni wachache, na siku hiyo hakuja hata mmoja. Mzee mwenye kiwanja alikuja na fimbo yake begani.

"Sopa," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," mume wangu akajibu, na neno lilitoka safi.

Ile rimoti yake ina umbo la bastola. Mkono wa kushoto unashika na kuvuta kifyatulio cha mwendo, ambacho wao hukiita mafuta, mkono wa kulia unazungusha gurudumu la kukata kona. Wa kulia ndio hana. Nikasimama upande wake wa kulia, nikashika gurudumu.

"Kona," akasema. Nikakata. "Kata!"

"Nimekata! Punguza mafuta wewe!"

Gari liligonga jiwe likapinduka. Mzee akacheka hadi akashika mbavu. Tukajaribu tena, nikakata mapema, likaingia kwenye miiba. Kila likipinduka mimi ndiye wa kuliendea. Mara ya tano mgongo ulikataa kuinama, nikaketi kwenye vumbi kando ya kiti chake na nguo yangu ya kanisa.

"Pumzika," akasema.

Nikapumzika kidogo, halafu nikaenda kulichukua gari.