Mgongo wa Kochi

Kochi wa mabinti wa Kibondo alicheza kikapu mpaka goti likamgomea, na hadi leo vidole vyake vimepinda kwa mipira aliyodaka. Mchezaji wake akipewa mtupo wa adhabu, yeye huupa uwanja mgongo, mikono kaifunga nyuma. Basi fainali na Kasulu, muda umekwisha, pointi sawasawa, kabaki Firdausi na mtupo mmoja.

“Kochi, hutazami?”

“Nimekutazama mwaka mzima, mwanangu. Sasa natazama nyuso za mashabiki wa Kasulu. Zitanieleza.”

Firdausi akadunda mpira, vumbi jekundu likaruka. Alipoinua macho, akauona mkono wa kochi umejichomoa mgongoni, unapanda, kiganja kinakunjuka taratibu kurusha mpira usiokuwepo. Akaufuata mkono ule. Kasulu wakashika vichwa. Kochi akacheka kabla hajageuka, mkono ungali juu.